Kiti Chenye Joto

Nchi ninayotaka kuisimulia usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yetu ilipelekwa kufanyiwa marekebisho, na aliyeipeleka bado yuko semina. Itoshe kujua kwamba ni nchi ya amani, ina bendera, ina wimbo, na ina vijana wengi kuliko inavyopenda. Mimi ni karani katika Wizara ya Makuzi, kitengo cha Shukrani. Kazi yangu ni kuandika mazuri yanayofanywa na serikali, na pale yasipofanywa, kuandika jinsi yatakavyokuwa mazuri yakifanywa. Kwa hiyo haya nayasema kwa mapenzi mema kabisa.

Kwetu mtu hakui kwa miaka. Miaka hata mbuzi anayo. Mtu anakuwa mtu mzima siku anapokalishwa, yaani siku mtu mzima mwingine anapoinuka kwenye kiti chake, akampisha, akamwambia mbele ya mashahidi, "Keti, mwenzangu." Kijana anaketi, kiti kingali na joto la mwenyewe, anakunywa fundo moja la maji, anainuka, anamrudishia mwenye kiti kiti chake. Basi, imekwisha. Kuanzia hapo anaweza kuajiriwa, kupanga chumba, kuoa au kuolewa, kutia saini, na hata kubisha. Kabla ya hapo ni mtoto, awe na ndevu au asiwe nazo.

Joto ndilo sharti lenyewe. Wazee waliotuachia desturi hii walisema utu uzima unapokezanwa, kama moto wa kuazima kwa jirani. Kiti baridi hakikalishi mtu. Mkeka hauhesabiki, kigoda hakihesabiki, gogo ndiyo usiseme. Lazima kiwe kiti cha miguu na egemeo, na aliyekikalia awe ameinuka mwenyewe kwa hiari yake.

Watoto wa wenye nafasi hawana taabu. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, baba anainuka sebuleni, mtoto anaketi, pilau inapakuliwa. Kasheshe iko kwa watoto wa nyumba zenye mikeka. Hao inabidi watafute mtu wa kuwainukia, na hapo ndipo nchi yetu ilipopata mtihani, kwa sababu watu wetu wakubwa waliacha kusimama.

Usiwacheke, wana sababu. Miaka ya nyuma waziri mmoja aliinuka uwanja wa ndege ili ampungie mkono Mtukufu Rais. Ndege ilipopaa akarudi kuketi, akaangukia mapaja ya naibu wake. Naibu hakusogea. Mpaka leo hajasogea, na yule waziri anafuga bata. Tangu siku hiyo ukazaliwa msemo ambao hata watoto wa chekechea wanaujua: aliyesimama kaachia. Waheshimiwa wanabebwa pamoja na viti vyao, kazini, arusini, msibani, msikitini na kanisani. Wenye husda huuliza wanafanyaje mambo fulani ya mwili, lakini maswali hayo si ya kistaarabu. Sisi makarani hatuna wabebaji. Viti vyetu vina magurudumu, tunavisukuma kwa visigino kando ya barabara, asubuhi tukienda na jioni tukirudi, na kwenye kile kilima cha sokoni tunasukumana.

Sasa nije kwa Sikudhani.

Sikudhani alikuwa binti wa mama muuza vitumbua, na alipata daraja la kwanza kwenye shule ya kata ambayo daraja la kwanza lilikuwa halijawahi kufika. Mama yake hakuyaona matokeo. Alifariki msimu wa mitihani, akaacha karai, mkeka, na watoto wawili: Sikudhani, na mdogo wake Tunu aliyekuwa ndio kwanza anaota meno ya mbele ya ukubwani. Serikali yetu haina mzaha na watoto wasio na mtu mzima. Kabla matanga hayajaanuliwa lilikuja gari la Makao ya Watoto likamchukua Tunu, likampandisha kule juu kilimani, ndani ya ukuta mweupe wa Makao.

Sikudhani alikwenda kumfuata. Matroni wa Makao, mama mmoja mpole sana, alimpokea getini akiwa juu ya kiti chake.

"Shikamoo, mama. Nimemfuata mdogo wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mtu mzima uliyekuja naye yuko wapi?"

"Mimi ndiye dada yake. Mama amefariki, hatuna mwingine."

"Pole sana. Umeshakalishwa?"

"Bado."

"Basi na wewe ni mtoto," alisema matroni, kwa huruma. "Ningekuchukua na wewe, ila umeshamaliza shule. Hapa mtoto akimaliza kidato cha nne tunamtoa, hiyo ndiyo sheria. Katafute wa kukuinukia, kisha uje, nitakukabidhi mtoto hapa hapa getini."

Tunu alikuwa ameshika nondo za geti kwa mikono miwili. Sikudhani alimwambia, "Nikikalishwa tu, nakuja. Usilie. Ni fundo moja la maji." Maneno hayo ninayajua kwa sababu alikuja kuyarudia mbele yangu mara nyingi.

Basi usidhani serikali ilikaa kimya. Ilikaa, lakini si kimya. Mwaka ule ule ilizindua Mpango wa Taifa wa Kuwashika Mkono Vijana Wanyonge Waliohitimu Kuelekea Utu Uzima, kwa kifupi MTAKUVIWAKU. Kila mheshimiwa angepewa kijana mmoja wa kumlea, kumwongoza na kumtia moyo, na mwisho wa malezi angemwinukia. Nilipoandika tangazo lile machozi yalinilenga. Nikalisoma tena, yakanilenga tena.

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa mpira. Malori yalishusha waheshimiwa na viti vyao, vijana wakapangwa kwenye jua wakiwa wamesimama, wamevaa fulana zenye picha ya kiti. Waziri wetu alihutubia akiwa amebebwa na wanaume wenye mabega mazuri.

"Vijana ni taifa la kesho," alisema, na kwa hekima ya ajabu akaongeza, "na kwa sababu hiyo tunawaomba wasubiri kesho. Wapo wanaouliza, tutakalishwa lini? Ndugu zangu, mti hauvutwi majani ili urefuke. Sisi tulio juu tunawaona. Na wahenga walishasema, aliye juu mngoje chini."

Tulipiga makofi mpaka viti vikasogea.

Sikudhani alipangiwa Mheshimiwa Daktari Sengasu, Mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Vivuli. Bodi hii inasimamia vivuli vyote vya miti ya serikali, isipokuwa vya jioni ambavyo huvuka mipaka. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kitambaa cha jasho begani, na kiti chake kilikuwa cha ngozi nyekundu iliyoshika umbo lake barabara. Alimpenda Sikudhani tangu siku ya kwanza. Alipiga picha naye, yeye ameketi, binti amesimama, ameshikwa mkono. Picha ile ilitundikwa kila ofisi.

Malezi yalikuwa kila wiki pale wizarani kwetu, na mimi nilikuwapo kuyaandika. Sikudhani alikuja mapema, amepiga pasi gauni lile lile la bluu, akasimama mbele ya meza. Alifundishwa kubisha hodi kwa namna isiyokera. Alifundishwa kucheka mzaha wa mkubwa kabla haujaisha. Alifundishwa kuandika barua ya kuomba kazi ambayo angeruhusiwa kuiomba akishakuwa mtu mzima. Baada ya hapo Mheshimiwa alimsimulia maisha yake.

"Mimi sikupewa kitu," alikuwa akisema. "Nilijituma. Nilikuwa rika lako, baba yangu akiwa gavana, siku moja nikaamka asubuhi nikajiambia, Sengasu, leo utakalishwa. Na nikakalishwa. Unaona? Ni fikra tu. Nyinyi vijana wa siku hizi hamna fikra."

"Ndiyo, Mheshimiwa," alijibu Sikudhani. "Na wewe utaniinukia lini?"

Hakuliuliza swali hilo kwa ujeuri. Aliliuliza kama mtu anavyouliza iwapo wali umeiva. Lakini msaidizi wa Mheshimiwa, aliyekuwa akisimama nyuma ya kiti kwa miaka mingi akikitazama, alimeza mate.

Mheshimiwa aligeuza shingo akamtazama yule msaidizi. Kisha akashika mikono ya kiti. "Binti yangu," alisema, "penye nia pana njia. Tutaitisha warsha."

Warsha iliitishwa. Ilifanyika hoteli nzuri kando ya ziwa, juu ya mada ya Changamoto za Kuinuka. Vijana hawakualikwa kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa. Waheshimiwa walitoka na azimio kwamba tatizo si kuinuka, tatizo ni uhaba wa viti, na wafadhili waliposikia hivyo waliguswa sana. Haikupita muda mrefu, bandarini ikashuka meli ya viti vipya, vyeupe, vyenye mito. Mji mzima ulifurahi. Sikudhani alikimbia kule juu kwenye ukuta mweupe akamwambia Tunu kupitia nondo, "Vimekuja." Tunu akaanza kufunga nguo zake kwenye kanga.

Ila viti vile vilikuwa baridi. Mwanasheria wa Wizara ndiye aliyelikumbusha taifa jambo hilo, na tunamshukuru. Iliundwa Kamati ya Joto. Kamati ilijaribu kuvianika juani, ikaonekana hilo ni joto la jua. Ikapitisha pasi ya mkaa juu ya mito, viti kadhaa vikaungua, na vilivyobaki vikaonekana kuwa na joto la mkaa. Mjumbe mmoja alipendekeza vikaliwe kwanza na kuku wanaoatamia. Mjumbe huyo alipandishwa cheo. Mwishowe iliamuliwa viti vihifadhiwe kwenye kumbi za arusi za wake za wajumbe, mpaka taifa litakapopata teknolojia.

Sikudhani alikwenda kumwambia mdogo wake afungue kanga. Aliporudi ofisini siku ile hakuwa na uso wa kutazamika. Alisimama mbele ya meza yangu, si ya Mheshimiwa.

"Kaka," aliniambia, "wewe umekalishwa?"

"Alhamdulillahi. Marehemu baba alikuwa na kiti."

"Basi niinukie wewe. Sheria haisemi lazima awe mkubwa. Niinukie nimeze fundo moja, nakurudishia. Maji ninayo hapa." Akatoa kichupa kwenye mkoba.

Nilimhurumia, tena sana. Nilimhurumia mpaka chai yangu ikapoa. Lakini mwenzangu Kapilima wa meza ya pili alikuwa ameshapeleka macho kwenye kiti changu, na kiti changu kilikuwa kimetoka kuwekewa mto mpya. Nikamweleza Sikudhani kwa upole kwamba mambo haya yana ngazi zake. Tayari alikuwa na mlezi aliyepangiwa na taifa. Kumruka mlezi ni utovu wa adabu, na utovu wa adabu ungemharibia nafasi yake ya kukalishwa. Ni kwa faida yake mwenyewe nilikataa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kichupa, akasema ahsante. Alikuwa binti mwenye heshima.

Miaka ikapita. Sikudhani aliendelea kuja kila wiki, gauni la bluu likawa la kijivu. Alikuwa na nafasi chuo cha uuguzi, wakamwandikia kwamba wanamsubiri, baadaye wakaacha kumwandikia. Alikaanga vitumbua vya mama yake kwenye uchochoro, kwa kujificha, maana mtoto haruhusiwi biashara. Siku za kutembelea alikwenda getini kwa Makao. Mheshimiwa Sengasu alipata tuzo ya Mlezi Bora, mara nyingi.

Kisha, asubuhi moja katikati ya somo la Umuhimu wa Kushika Muda, Mheshimiwa alikatiza neno, akaegemea nyuma, akafariki dunia.

Sikudhani alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake. Alimgusa shingo kama wauguzi wanavyofanya, jambo alilojifunza kwa kusoma vitabu vya chuo asichoingia. Kisha akatugeukia. Mimi niliona kitu usoni mwake ambacho sikukiona tangu meli ya viti, na naomba Mungu anisamehe kukitaja kwenye msiba. Lilikuwa tumaini.

"Amekufa," alisema. "Kiti bado kina joto. Mtoeni niketi. Tafadhali, haraka. Nanyi nyote ni mashahidi."

Yule msaidizi naye alikuwa ameshaweka mkono kwenye egemeo. Ikabidi Kamati ya Joto iitwe kwa dharura, na ilibebwa mbio kwelikweli, mjumbe mmoja alidondoka njiani. Hoja ilikuwa nzito. Marehemu ameondoka, hilo halina ubishi, lakini je, ameinuka? Shehe aliulizwa, akasema roho imepaa. Padri akasema hivyo hivyo. Mwanasheria akasema sheria inataja makalio. Walijadiliana mpaka wakaagiza chakula. Sikudhani alisimama na kichupa chake cha maji mkononi, akiwatazama wakitafuna, na kila mara alinyoosha kiganja akagusa pembeni mwa ngozi ile nyekundu.

"Kinapoa," alisema. "Waheshimiwa, kinapoa."

"Binti, usiishinikize Kamati," aliambiwa.

Walipofikia uamuzi, kipimajoto kilionyesha kiti kimeshakuwa baridi kama ukuta. Kwa hiyo swali likafa lenyewe, na ndivyo maswali mengi ya nchi yetu yanavyotatuliwa. Mheshimiwa alizikwa na kiti chake, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kumtoa. Kaburi lilichimbwa refu kwenda chini. Sikudhani, kama mwana wa malezi, alipewa heshima ya kushika shada la maua. Msaidizi alilia kuliko wafiwa.

Baada ya hapo sikusikia tena Sikudhani akiuliza lini.

Wafadhili walituma watu kutathmini Mpango. Niliiandika taarifa mwenyewe na bado naionea fahari. Niliandika kwamba tangu Mpango uanze hakuna kijana hata mmoja aliyeanguka. Wote wamesimama, na wamesimama imara. Wageni walipendezwa na takwimu hiyo, wakauliza tu mbona walezi wanapungua. Ni kweli, wengine walikuwa wameshazikwa wameketi, na vijana walikuwa wanaongezeka kila matokeo yanapotoka. Hapo ndipo Waziri alipopata wazo kubwa la maisha yake. Aligundua kwamba tunao vijana wenye uzoefu wa miaka mingi katika kusimama, na uzoefu huo unapotea bure. Kwa nini wasiwalee wenzao? Wasingeweza kuwainukia, kweli, lakini wangewaonyesha namna ya kungoja.

Kikaundwa cheo kipya, Mlezi Msimamizi. Wa kwanza kuteuliwa alikuwa Sikudhani. Alipewa fulana mpya na beji. Nilimpongeza kwa dhati, nikamwambia, "Unaona, dada? Subira yavuta heri." Alikuwa na mvi chache juu ya masikio. Akaniambia ahsante, kaka.

Vijana wapya waliletwa wizarani na basi, wakashushwa uani, wakaanza kuitwa majina na kugawiwa. Aliyepangiwa Sikudhani alitoka mwisho wa mstari, binti mrefu, mwembamba, kabeba nguo zake kwenye kanga. Alikuwa ametoka Makao asubuhi ile. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kama matroni alivyosema zamani, wakimaliza wanatolewa, hiyo ndiyo sheria. Hakukuwa na haja ya mtu mzima kumfuata.

Walitazamana. Nilidhani watakumbatiana, nikatayarisha kalamu.

"Ulisema utakuja kunichukua," Tunu alisema.

"Nilisema nikikalishwa."

"Nilikuwa nafunga nguo kila mwezi, dada. Kila siku ya kutembelea nilizifunga. Nilipokuwa mkubwa nikajua, lakini bado nilizifunga."

Sikudhani alichukua lile furushi la kanga akaliweka chini, taratibu, akamshika mdogo wake mabega, akamgeuza aelekee kule wenye viti walikokuwa. Kisha akaanza kazi yake, kwa sauti ya chini.

"Usikaze magoti, utaanguka. Tenga miguu kidogo. Mguu mmoja ukichoka, hamishia uzito kwenye mwingine, lakini polepole, wasione. Asubuhi kula kitu kizito. Wakisema karibu utakalishwa, sema ahsante. Usihesabu."

"Na nikichoka kabisa?"

"Niegemee mimi."

Tunu akamwegemea. Wakasimama hivyo, bega kwa bega, katikati ya ua, na jua lilikuwa kali. Kuegemeana hakumo kwenye mwongozo wa Mpango, na ilinipasa niwatenganishe. Sikuwatenganisha. Walikuwa karibu sana nami, ningeweza kunyoosha mkono nikawafikia. Kichupa cha maji kilikuwa kinaning'inia kwenye mkoba wa Sikudhani, kile kile.

Sitaki kusema uongo. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu wote nilisikia miguu yangu inataka kuinuka yenyewe. Nikaishika mikono ya kiti kwa nguvu, nikafumba macho, nikangoja mpaka hamu ile ikapita.